Pango Lina Urefu Gani? Vipimo na Ramani katika Kamusi Elezo ya Mtandaoni



Muhula huu wanafunzi wa darasa la juu wanaandika makala fupi kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili, na wengi wao wamechagua mapango. Wamechagua vizuri. Waliokwenda Unguja likizo wamefika Kuumbi, kule Jambiani. Na hapa Oman, kwenye milima iliyo kati ya Quriyat na Sur, lipo Majlis al Jinn, yaani baraza la majini, mojawapo ya vyumba vikubwa vya chini ya ardhi vilivyowahi kupimwa duniani. Lakini ukikaa kuandika, kinachokukwamisha mwanzo si historia wala sayansi. Ni neno "urefu".

Mtu akikwambia pango lina urefu wa mita 120, amekwambia nini? Kiswahili chetu kinasema kamba ndefu, mnazi mrefu na kisima kirefu, na vyote vitatu ni "urefu". Msikilizaji anaelewa kwa sababu anajua kamba hulala, mnazi husimama na kisima huenda chini. Pango linafanya yote matatu. Kwa hiyo kwenye kile kisanduku cha taarifa kinachokaa pembeni ya makala, msiandike "urefu" peke yake. Andikeni "urefu wa njia", "kimo cha dari", "kina", "upana", na kama mnataja pango liko juu kiasi gani mlimani, "mwinuko juu ya usawa wa bahari". Ni maneno mengi zaidi, lakini nafasi ipo.

Urefu wa njia ni jumla ya njia zote zilizopimwa ndani ya pango, pamoja na kila tawi na kila kichochoro. Pango la Mammoth katika jimbo la Kentucky, Marekani, limepimwa zaidi ya kilomita 680. Haina maana kwamba ukiingia mlango mmoja utatokea kilomita 680 mbele. Njia zake zimejikunja na kupishana, nyingine juu ya nyingine. Fikirini uzi uliodarizia kofia: ukiufumua wote unavuka uwanja, na kofia yenyewe inakaa kichwani. Kina nacho ni tofauti kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa zilizopimwa, hata kama hapana mahali ambapo mtu anaweza kudondoka umbali huo kwa mara moja.

Sasa tuje Majlis al Jinn, maana hapo ndipo tarakimu zinapogombana. Chumba chake kina takriban mita 310 kwa 225, na dari iko kiasi cha mita 120 juu ya sakafu. Lakini mtasoma pia mita 158, wakati mwengine katika sentensi ileile. Nani kakosea? Hakuna. Pango hili halina mlango wa kuingilia kwa miguu. Lina matundu matatu tu katika paa, na mtu huteremka kwa kamba akining'inia hewani. Mita 158 ni mteremko wa kamba kupitia tundu lenye mteremko mrefu zaidi. Paa la mwamba lina unene wake na sakafu haiko sawa, ndiyo maana kamba inakuwa ndefu kuliko kimo cha chumba. Mwanafunzi akiandika "urefu: mita 158" ameandika namba ya kweli, na msomaji ameondoka na picha ya uongo.

Kuna jambo jengine. Kwa miaka mingi chumba hiki kilitajwa kuwa cha pili duniani kwa ukubwa wa sakafu. Leo kimeshuka kwenye orodha, na hakikupungua hata shubiri moja. Vimepatikana vyumba vyengine, na upimaji umebadilika. Mwaka 2013 watafiti walipeleka mashine ya leza kwenye Chumba cha Miao, katika mkoa wa Guizhou nchini China, wakapata ujazo wa mita za ujazo milioni 10.78. Kwa ujazo kikakipita Chumba cha Sarawak cha Malaysia, lakini kwa eneo la sakafu Sarawak kikabaki mbele. Basi kila mnapoandika "kubwa kuliko yote", semeni kubwa kwa nini, na kipimo ni cha mwaka gani. Bila ya hivyo ni sifa tu, na sifa hunakiliwa haraka kuliko vipimo.

Nawaomba pia mwe waangalifu na neno "liligunduliwa". Vitabu vinasema Majlis al Jinn liligunduliwa mwaka 1983, na watafiti waliokuwa wakichunguza miamba kwa ajili ya maji ya chini ya ardhi. Hao ndio waliolipima, na kazi yao ni kubwa. Lakini wenyeji wa mlima ule wana jina lao la pango hili, Khoshilat Maqandeli, na mtu hakipi jina kitu asichokijua. Andikeni "lilipimwa". Vivyo hivyo, ile hadithi kwamba mapango ya Amboni, Tanga, yanatokea Mombasa ina haki ya kuwamo katika makala. Mahali pake ni sehemu ya masimulizi, si kwenye kisanduku cha vipimo.

Kuhusu ramani, watoto huipenda kwa sababu wanaona nukta nyekundu ikijitokeza yenyewe. Haijitokezi kwa uchawi. Kompyuta inapewa ramani tupu ya nchi na kuambiwa kingo zake ni digrii ngapi. Tuseme ramani ya Oman inaanza digrii 51 Mashariki na kuishia 61, na kutoka digrii 27 Kaskazini hadi 16. Majlis al Jinn liko karibu 22.9 Kaskazini na 59.1 Mashariki. Kutoka ukingo wa kushoto ni digrii 8.1 kati ya 10, yaani asilimia 81 ya upana. Kutoka juu ni digrii 4.1 kati ya 11, yaani kama asilimia 37. Hapo ndipo nukta inapowekwa. Jaribuni kwa rula na penseli nyumbani.

Hesabu hiyo haina akili ya kuuliza kama umekosea. Kuumbi liko karibu 6.36 Kusini na 39.54 Mashariki, na kwa kompyuta Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -6.36. Ukiisahau alama hiyo, pango la Jambiani linahamia Ethiopia. Ukizigeuza namba mbili, ya kwanza ikawa ya pili, linakwenda Hispania, karibu na mji wa Cáceres. Majlis al Jinn nalo ukiligeuza linazama Bahari ya Baltiki, pembeni ya Estonia. Iangalieni ramani kabla ya kuhifadhi, hilo tu.

Na tarakimu baada ya nukta ni ngapi? Katika latitudo, digrii moja ni kama kilomita 111. Tarakimu mbili zinakufikisha karibu kilomita moja na mahali, nne zinakufikisha mita 11. Sita ni kama sentimita 11, na mlango wa pango ni mpana kuliko hivyo.

Lakini suala si hesabu tu. Majlis al Jinn ni matundu wazi kwenye uwanda, na anayefuata simu yake gizani hatarudi kusimulia. Unguja na Pemba yapo mapango ambayo watu wanayaheshimu kama mizimu, na wenyewe hawakuomba wageni. Marekani ina sheria ya mwaka 1988 inayoruhusu serikali kutotoa habari za mahali yalipo mapango muhimu katika ardhi yake, kwa kuogopa waharibifu. Mimi naona hivi: pango lenye kibao barabarani na mtembezaji wageni, kama Kuumbi, lipeni tarakimu nne. Lisilo na kibao, tajeni kijiji na tarakimu moja, na kwanza muulizeni babu au bibi anayetoka huko kama hata hiyo moja inafaa. Akikataa, kisanduku kinaweza kubaki bila ramani. Makala itachapishwa vilevile.