Istilahi za Nishati ya Upepo: Tiara, Tabini na Ugwe

Katika Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, imesimama minara mitatu ya kuzalisha umeme kwa nguvu ya upepo. Mradi huo wa Mwenga ulianza kazi mwaka 2020, na uwezo wake ni megawati 2.4. Katika mkoa jirani wa Mbeya, bandari ya Itungi wilayani Kyela hupokea meli za Ziwa Nyasa, nazo huendeshwa kwa mafuta ya dizeli. Katika nchi nyingine wahandisi wamekwisha kufanya upepo wa juu uvute meli, tena wamepandisha mitambo ya umeme angani pasipo mnara. Maarifa hayo yakifika Nyanda za Juu za Kusini yatahitaji majina. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwanza vitu vyenyewe, kisha kupendekeza istilahi zake.

Nguvu ya upepo hulingana na kipeo cha tatu cha mwendo wake. Yaani, mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Aghalabu upepo wa juu, usiozuiwa na miti wala majengo, huenda kasi kuliko ule wa chini. Hiyo ndiyo sababu ya kuufuata huko huko uliko. Mwaka 2008 meli ya mizigo Beluga SkySails ilisafiri kutoka Ujerumani hadi Venezuela, ikisaidiwa na kitambaa cha mita za mraba 160 kilichorushwa mbele ya omo na kufungwa kwa kamba. Injini haikuzimwa, bali ilipunguziwa kazi.

Kuhusu umeme, mwaka 1980 Mmarekani Miles Loyd alionyesha kwa hesabu kwamba chombo kilichofungwa kamba, kikienda upande kwa upande na kuukata upepo, hupata nguvu nyingi kuliko kilichotulia mahali pamoja. Njia ni mbili. Katika njia ya kwanza, tabini hufungwa katika bawa lenyewe na umeme hushuka kwa waya uliomo ndani ya kamba. Kampuni ya Makani ya Marekani iliijaribu njia hiyo hadi ilipofungwa mwaka 2020. Katika njia ya pili, kamba inayovutwa na upepo huzungusha pipa la winchi lililo chini. Kisha chombo hulegezwa, kamba ikarudishwa kwa nguvu kidogo, na kazi ikaanza upya. Mtambo wa namna hiyo ulifikishwa kisiwani Morisi, katika Bahari ya Hindi, mwaka 2021.

Sasa tutazame majina. Kitambaa hicho tukiite nini? Si tanga, kwa kuwa tanga hutegemea mlingoti na foromali. Si mwavuli, kwa kuwa mwavuli wa angani kazi yake ni kupunguza kasi ya kuanguka. Lugha yetu ina maneno mawili yanayofaa, kishada na tiara. Kishada lina pia maana ya vitu vilivyotungwa pamoja. Kwa hiyo tunapendekeza tiara. Wako watakaosema kwamba tiara ni mchezo wa watoto. Tunawakumbusha kwamba neno ndege lilitoka kwa kiumbe mdogo wa mitini, na leo hakuna rubani anayeliona kuwa ni dogo.

Tiara ya meli isiitwe “tiara ya kuvutia”, maana msomaji atadhani inasifiwa uzuri. Tunapendekeza tiara ya kukokotea. Ile ya umeme iitwe tiara ya umeme.

Mtambo unaozungushwa na upepo baadhi ya watu huuita feni au pangaboi. Hapa maana imepinduka. Feni hula umeme ikatoa upepo. Tabini hupokea upepo ikazalisha umeme. Mwanakijiji anayeombwa kutoa ardhi yake kwa mradi, akisomewa mkataba unaotaja “feni kubwa”, ataelewa kinyume cha anachokubali. Tunapendekeza tabini ya mnara kwa ile iliyosimama ardhini, na tabini ya angani kwa ile inayorushwa.

Kamba inayoshikilia tiara tunapendekeza iitwe ugwe. Neno amari, ingawa ni la kamba nene, tuliachie nanga. Na ugwe ukikatika hatuhitaji kubuni lolote, kwani wenye lugha walikwisha kusema zamani kwamba tiara imekwenda arijojo. Neno hilo halina budi kuingia katika vitabu vya mafunzo. Mvuvi wa Ziwa Nyasa aliye katika mtumbwi wake, akisikia onyo kwamba tiara ya meli imekwenda arijojo, anapaswa kujua mara moja kwamba kitambaa na kamba nzito vinaweza kumwangukia. Onyo likitolewa kwa maneno asiyoyajua, litakuwa kelele tu.

Kwa hiyo istilahi hizi si pambo la kamusi. Tunawaomba mafundi wa Mufindi na mabaharia wa Itungi wazipime kwa kuzitumia, na pale wanapolijua neno lililo bora, wasisite kutuletea.