Kuchagua Njia ya Kwanza kwa Gari la 4x4: Mwongozo kwa Mmiliki Mpya

Wanunuzi wengi wa magari ya 4x4 yaliyotumika hutumia wiki kadhaa kulinganisha bei, mwaka wa kutengenezwa na hali ya injini. Gari likishafika nyumbani, safari ya kwanza nje ya lami hupangwa kwa usiku mmoja tu, kwa kufuata picha iliyoonekana kwenye simu au neno la rafiki kwamba "pale panapitika." Katika safari kama hiyo ndipo gari la mamilioni ya shilingi linapozama kwenye tope hadi milangoni, na familia inapolala porini bila maji ya kunywa wala mtandao wa simu.

Makala hii inaeleza namna ya kuchagua njia inayomfaa mtu anayeanza. Mifano tuliyoitumia ni ya Tanzania Bara, ambako barabara za udongo ni nyingi na misimu ya mvua hubadili kabisa sura ya njia. Kanuni tunayoisisitiza ni moja: njia ya kwanza iwe ile ambayo dereva anaweza kugeuza gari mahali popote na kurudi alikotoka kwa nguvu zake mwenyewe. Uzuri wa mandhari na sifa za gari vije baada ya hapo.

Kulifahamu gari kabla ya njia

Kimo cha gari hakithibitishi kwamba gari hilo ni la 4x4. Toyota RAV4 na Toyota Harrier, kwa mfano, zimetengenezwa katika matoleo yanayoendeshwa kwa magurudumu mawili na mengine kwa magurudumu manne, na kwa nje hufanana. Kabla ya kulipa, mnunuzi amwombe fundi wake atazame chini ya gari. Gari lisilo la hybrid, lenye injini mbele, ambalo halina shafti inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma ni gari la magurudumu mawili, hata kama tangazo la muuzaji linasema vinginevyo. Iwapo tangazo lilidai kuwa ni la 4x4, tangazo hilo lihifadhiwe pamoja na risiti na mkataba, kwa kuwa ndilo ushahidi wa kile kilichoahidiwa.

Tofauti ya pili ni gia nzito, ambayo huandikwa 4L au L4 kwenye kibao au kitufe. Suzuki Jimny na Toyota Land Cruiser Prado ni miongoni mwa magari yenye gia hiyo, RAV4 haina. Gia nzito huliwezesha gari kupanda na kushuka mlima polepole kwa nguvu ya injini, bila kuchosha breki. Gari lisilo nayo linafaa barabara za changarawe na za vumbi, lakini lisipelekwe kwenye miteremko mikali yenye mawe.

Kwa magari ambayo dereva huchagua mwenyewe kuunganisha magurudumu manne, kama Jimny za zamani, hali hiyo isitumike kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawasawa katika kona, na kwa kuwa lami haiteleziki, mkazo wote huishia kwenye gia na shafti. Matengenezo yake ni ya gharama kubwa.

Vigezo vinne vya njia ya anayeanza

Kigezo cha kwanza ni nafasi ya kurudi. Njia nyembamba iliyobanwa kati ya ukuta wa mlima na bonde humlazimisha dereva kuendelea mbele hata pale anapotambua kwamba imemshinda. Njia yenye nafasi ya kugeuzia kila baada ya mita mia chache, au iliyo katika mzunguko mfupi unaorudi kwenye barabara kuu, humpa fursa ya kubadili uamuzi. Mteremko nao upimwe kwa safari ya kurudi: mahali ambapo gari limeshuka kwa urahisi huenda lisiweze kupanda mvua ikinyesha.

Kigezo cha pili ni udongo pamoja na msimu. Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana katika mabonde na tambarare nyingi nchini, huwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Ukinywa maji huvimba, hunata kwenye tairi hadi kuziba meno yake yote, na gari huteleza kana kwamba limevishwa viatu vya sabuni. Dereva stadi mwenye gari bora naye hukwama humo. Udongo mwekundu wa milimani huteleza kwa namna yake, na hatari yake huongezeka kwa sababu ya makorongo yaliyo kando ya njia. Kwa hiyo njia haiwezi kuitwa rahisi bila kutaja mwezi. Kwa maeneo mengi tunashauri safari ya kwanza ifanyike kati ya Juni na Septemba, baada ya masika kukauka na kabla ya vuli kuanza.

Kigezo cha tatu ni umbali wa msaada. Mmiliki ajiulize: gari likikwama hapa, nitatembea muda gani kufika kwa watu? Kwa safari ya kwanza, jibu lisizidi saa moja mchana. Katika hifadhi zenye wanyama wakali hairuhusiwi kutembea bila askari, hivyo swali hubadilika: je, magari mengine hupita njia hii mara kwa mara, na je, simu inapata mtandao?

Kigezo cha nne ni maji. Njia ya kwanza isiwe na mto wa kuvuka. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuyainua na kuyasogeza magari mengi madogo, na yenye kina cha sentimita 60 huweza kuyachukua hata magari makubwa ya 4x4. Korongo lililo kavu asubuhi linaweza kujaa mchana kwa mvua iliyonyesha mlimani, mbali na macho ya dereva. Maji yakipita juu ya drifti, dereva asubiri yapungue au arudi. Asijaribu kwa sababu tu gari lililomtangulia limevuka.

Mifano ya njia na namna ya kuzipima

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, yapata kilomita 280 kutoka Dar es Salaam, inakidhi vigezo hivi vizuri wakati wa kiangazi. Barabara kuu ya lami iendayo Iringa hupita katikati ya hifadhi, mji wa Mikumi uko jirani, na njia za mzunguko katika tambarare ya Mkata hupitiwa na magari mengi. Tambarare hiyohiyo ina udongo mweusi, na wakati wa masika baadhi ya njia zake hazipitiki. Mmiliki mpya akifika katika msimu wa mvua, awaulize askari wa langoni ni njia zipi zilizo wazi na abaki kwenye hizo.

Kwa wakazi wa kaskazini, Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko karibu na mji, na barabara za kuzunguka maziwa ya Momella zinafaa kwa kujifunza mwendo wa changarawe. Njia ya kupanda ukingo wa kreta ya Ngurdoto ina mwinuko zaidi na huteleza ikinyesha. Ifuatwe siku kavu, baada ya dereva kuzoea zile za chini.

Milima ya Usambara ni hatua ya pili. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni ya lami, lakini ile ya kuendelea kuelekea Mtae ni ya udongo, yenye kona kali na mabonde marefu kandoni. Vijiji ni vingi, hivyo msaada hauko mbali. Nafasi ya kugeuzia, hata hivyo, ni chache. Dereva aende huko akiwa ameshajua upana wa gari lake na namna ya kushuka kwa gia.

Zipo njia maarufu ambazo hatuzishauri kwa mwanzo. Kreta ya Ngorongoro huruhusu magari ya 4x4 pekee kushuka, na kuta zake zina kimo cha takriban mita 600. Njia ya kwenda Ziwa Natron kupitia Engaruka hukatwa na makorongo katika eneo lenye joto kali na watu wachache. Saadani ina udongo mweusi nyuma ya pwani, na fukwe zake ni mazalia ya kasa. Hapo, kama ilivyo katika fukwe nyingine wanakotaga, gari lisipitishwe mchangani.

Maswali kabla ya kulipia safari ya kuongozwa

Kusafiri na mwongozaji mzoefu ni njia nzuri ya kuanza, mradi mteja ajue anachokinunua. Neno "rahisi" katika tangazo halina kipimo. Tunashauri mteja aulize yafuatayo na apewe majibu kwa maandishi:

1. Njia ina urefu gani, na huchukua saa ngapi kwa mwendo wa anayeanza?
2. Ilipitiwa lini mara ya mwisho, na kulikuwa na mvua?
3. Je, gari lisilo na gia nzito limewahi kuipita?
4. Kuna mito au drifti mangapi, na mpango mbadala ni upi maji yakijaa?
5. Gari likikwama au kuharibika, nani hulivuta na kwa gharama ya nani?
6. Safari ikiahirishwa kwa sababu ya mvua, fedha hurudishwa?

Kampuni inayoendesha shughuli za utalii inapaswa kuwa na leseni ya wakala wa utalii, ijulikanayo kama TALA. Mteja ana haki ya kuomba kuiona. Kampuni inayokwepa swali la tano na la sita imeshatoa jibu.

Bima na ruhusa

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, lakini hailipi uharibifu wa gari la mmiliki mwenyewe. Hata bima kubwa huweza kuwa na masharti yanayoondoa madhara ya kuingia kwenye maji au kutumia gari nje ya barabara. Mmiliki asome mkataba wake na aulize kampuni ya bima kwa barua au barua pepe kama barabara za hifadhi zimejumuishwa. Jibu la mdomo halitamsaidia siku ya madai.

Ndani ya hifadhi za taifa ni marufuku kuacha njia na kuendesha gari nyikani. Kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na hairuhusiwi kuendesha usiku bila kibali. Malipo ya kiingilio hufanywa kwa njia ya kielektroniki na mlipaji hupewa stakabadhi. Katika ardhi ya kijiji, mgeni apite kwanza ofisi ya kijiji. Njia inayoonekana wazi huenda ni ya mifugo au inapita shambani mwa mtu.

Siku ya safari

Vifaa vya msingi havina gharama kubwa: tairi la akiba lenye upepo, jeki na ubao mnene wa kuiwekea, koleo, kamba imara ya kuvutia, pampu na kipimo cha upepo, maji ya kunywa yasiyopungua lita tano kwa kila mtu, na taa. Upepo wa tairi uanze na kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwenye mchanga mzito unaweza kupunguzwa hadi PSI 20 hivi, kisha ujazwe tena kabla ya kurudi lami. Tairi lenye upepo mdogo hupata moto na kupasuka likikimbizwa.

Giza nchini kwetu huingia haraka baada ya jua kutua. Kwa hiyo saa ya kugeuza ipangwe kabla ya kuondoka, na tunapendekeza saa nane mchana, popote gari litakapokuwa limefika. Mtu mmoja nyumbani aachiwe jina la njia na saa ya kurudi, na aelezwe ampigie nani muda huo ukipita. Namba ya dharura ni 112.

Gari likikwama, dereva aache kukanyaga mafuta, kwani magurudumu yanayozunguka bure huchimba kaburi lao wenyewe. Ashuke, achimbe mbele ya tairi zote, atandike mawe au matawi makavu, kisha ajaribu mara moja kwa mwendo wa taratibu. Likihitaji kuvutwa na trekta au gari jingine, bei ikubaliwe kabla ya kamba kufungwa; kamba ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia ya gari, na watu wote wasimame mbali, kwa kuwa kamba ikikatika huweza kuua.

Mmiliki aliyefika nusu ya njia, akaona tope limeanza na wingu limetanda, akageuza, ameimaliza safari yake ya kwanza vyema. Njia ataikuta palepale kiangazi kijacho, na gari litakuwa zima la kuipita.