Sharti au Inafaa? Uzito wa Maneno Katika Mikataba ya Gesijoto

Wasomaji wetu huarifiwa mara kwa mara kuwa mataifa yamekubaliana kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazozuia joto la dunia lisipotee angani. Kauli hiyo haitoshi. Katika mikutano hiyo uamuzi hupitishwa kwa mwafaka, kwa kuwa kanuni ya kupiga kura haijapata kukubaliwa. Hivyo mvutano wa siku nyingi huweza kuishia katika neno moja, na mfasiri asiyelipima huwapa wananchi mkataba ambao haukufikiwa. Hapa twaeleza jozi tatu za istilahi zisizofaa kuchanganywa.

Jozi ya kwanza ni kutia saini na kuridhia. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 iliziwekea nchi zenye viwanda viwango vya lazima vya kupunguza gesi hizo. Marekani ilitia saini mwaka 1998, lakini haikuridhia. Kwa hiyo itifaki haikuifunga.

Jozi ya pili ni sharti na inafaa. Mjini Paris, tarehe 12 Desemba 2015, rasimu ya mwisho ya ibara ya 4 ilizilazimisha nchi zilizoendelea kuongoza katika kupunguza gesijoto. Marekani ilipinga, maana wajibu huo ungeweza kuhitaji idhini ya Baraza lake la Seneti. Neno la lazima likaondolewa, likawekwa la kuhimiza, na mkataba ukapita. Mfasiri akiandika "zitaongoza", kiambishi -ta- hakibainishi kama hiyo ni amri au ni tarajio. Twapendekeza "sharti ziongoze" kwa lazima, na "inafaa ziongoze" kwa himizo.

Jozi ya tatu ni kukomesha na kupunguza. Mjini Glasgow, Novemba 2021, rasimu ilitaka umeme wa makaa ya mawe ukomeshwe hatua kwa hatua. Saa za mwisho India, ikiungwa mkono na China, ilitaka neno hilo libadilishwe, ikitetea haki ya nchi zinazoendelea kutumia nishati hiyo. Likawa "kupunguza". Visiwa vinavyotishwa na bahari vilisikitika, lakini vilikubali ili mapatano yasivunjike.

Neno lililolegezwa ni ushahidi wa mahali mataifa yalipokwama. Mfasiri asilikaze, wala asililegeze zaidi. Maoni ya wasomaji kuhusu mapendekezo haya yanakaribishwa.