Redio ya Taifa: Lindo la Askari, Mali ya Umma



Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga la Kenya waliovunja kiapo chao waliiteka studio ya Sauti ya Kenya mjini Nairobi. Mtangazaji mashuhuri, Leonard Mambo Mbotela, alichukuliwa na waasi hao akalazimishwa kutangaza kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa. Siku hiyo hiyo askari watiifu wakiongozwa na Jenerali Mahmoud Mohamed waliikomboa studio, na mtangazaji yule yule akatangaza kwamba serikali ingali madarakani.

Yafaa kujiuliza kwa nini waasi walikimbilia studio mapema kiasi hicho. Tangu mwaka 1964 Sauti ya Kenya ilikuwa chini ya wizara ya serikali, na wananchi walizoea kwamba neno litokalo humo ni neno la dola. Mahali palipo na mazoea hayo, mwasi hana haja ya kuwashawishi wananchi. Humtosha kubadili mkono ulioshika kipaza sauti. Msikilizaji aliye kijijini hana namna ya kupambanua amri halali na amri ya mtutu wa bunduki.

Lakini si mwasi peke yake awezaye kuitumia vibaya redio ya taifa. Mwezi Machi 1992 Redio Rwanda, iliyokuwa chombo cha serikali, ilisoma taarifa iliyodai kwamba Watutsi wamepanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Taarifa hiyo ilikuwa ya uzushi. Mara baada yake mauaji yalizuka huko Bugesera, kusini ya Kigali, na mamia ya Watutsi wakapoteza maisha. Hapakuwa na studio iliyotekwa. Kilichokosekana ni mhariri mwenye haki ya kuuliza taarifa imetoka wapi, na mwenye uwezo wa kukataa kuisoma.

Nchini Burundi, tarehe 13 Mei 2015, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kupitia redio za watu binafsi kwamba Rais Pierre Nkurunziza, aliyekuwa Dar es Salaam kwa mkutano wa wakuu wa nchi, ameondolewa. Kesho yake mapigano makali yalifanyika kuigombea redio ya taifa mjini Bujumbura. Majeshi ya serikali hayakuiachia, na jaribio lile likashindwa. Hata hivyo, redio kadhaa za watu binafsi zilishambuliwa na kunyamazishwa, na wananchi wengi wakabaki hawana pa kulinganisha habari.

Mafunzo ya mambo hayo yameanza kuingizwa katika sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaagiza kwamba vyombo vya utangazaji vya dola viwe huru kuamua vitakachotangaza, visipendelee upande wowote, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana. Agizo hilo halina maana ya redio kuwa adui wa serikali, wala halihalalishi kutoa siri za ulinzi. Maana yake ni kwamba habari hupimwa kwa ukweli wake, wala si kwa cheo cha aliyeileta. Sheria iliyoandikwa, hata hivyo, haitoshi yenyewe. Huhitaji fedha za hakika, bodi isiyoyumbishwa, na viongozi walio tayari kusikia wasiyoyapenda.

Kwa askari na polisi jambo hili ni la usalama. Redio inayosema kweli siku zote, hata kweli chungu, huaminiwa siku ya hatari. Wananchi wakiambiwa watulie, hutulia. Wakiambiwa uvumi fulani ni uongo, husadiki. Redio iliyozoea kuficha na kusifu tu huwasukuma wananchi kwenye uvumi saa ile ile dola inapohitaji kusikilizwa.

Kwa hiyo, askari aliyewekwa lindoni kwenye lango la studio hailindi nyumba na mitambo peke yake. Analinda imani ya umma. Wajibu wake ni kumzuia mwenye silaha asiingie, na yeye mwenyewe, akiwa na silaha yake, asivuke kizingiti cha chumba cha habari.