Hasira Barabarani: Adhabu Gani Yamstahiki Amwangushaye Mwendesha Baiskeli kwa Makusudi?

Baiskeli imeegemezwa ukutani, uani mwa nyumba. Usukani wake umepinda, gurudumu la nyuma limekunjika, na mitungi miwili ya maziwa iliyokuwa ikifungwa juu ya keria sasa yatumika kutekea maji. Tuliikuta Langas, mtaa mkubwa wa jiji la Eldoret ulio kando ya barabara iendayo Kapsabet na Kisumu, katika nyumba ya jamaa zetu tuliokwenda kuwajulia hali. Ndani, baba wa watoto wanne alikuwa kitandani, mguu wa kulia umefungwa plasta hadi juu ya goti.

Mkewe, aliyezaliwa Pwani na kuolewa huko bara, alitusimulia yaliyotokea. Mumewe alitoka baada ya Swala ya Alfajiri kupeleka maziwa kwenye mikahawa ya mjini, kama afanyavyo kila siku. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, na ukingo wa barabara ulikuwa tope tupu, kwa hiyo akashika lami. Gari dogo la mizigo likaja nyuma yake likipiga honi. Hakuwa na pa kupisha. Gari likampita likimkwaruza kiwiko, naye kwa fadhaa akalipiga ubavuni kwa kiganja cha mkono. Hilo tu. Dereva akatangulia hatua chache, akamkatia njia, kisha akafunga breki ghafla. Mwenye baiskeli akalivaa gari, akaruka, akaangukia mfereji.

Watu wakakusanyika. Wako waliotaka gari litiwe moto na dereva apigwe. Mzee mmoja akasimama mlangoni mwa gari, akawazuia mpaka polisi wakafika. Siku ya tisa, wazee wa upande wa dereva wakaja na bahasha. Watalipa gharama za hospitali na kuongeza kitu cha kuwasaidia watoto, ilimradi mama atie sahihi karatasi isemayo kwamba ile ilikuwa ajali na kwamba familia haina dai tena.

Karatasi ile tuliiona. Ilikuwa bado mezani, haijatiwa sahihi. Mama akatugeukia akasema, "Ndugu zangu, nyinyi mwasoma na kuandika. Niambieni, mtu kama huyu haki yake ni adhabu gani?"

Hatukuwa na jibu la papo kwa papo. Tumelifikiri swali hilo tangu turudi Mombasa, na twaona lawahusu wasomaji wetu wote, kwani hapana nyumba isiyokuwa na mwana aendeshaye au mzee atembeaye kando ya barabara.

Kwanza tuwatazame waendao kwa baiskeli. Eldoret, ambayo wenyeji huiita Sisibo kutokana na shamba nambari 64 ilikoanzia, ilipewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024. Magari yameongezeka, lakini kibarua wa Langas, fundi, muuza mboga na mchuuzi wa maziwa bado hutegemea magurudumu mawili na nguvu za miguu yao. Hata neno bodaboda, ambalo leo twalitumia kwa pikipiki, lilianzia kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria na mizigo yao mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Hawa hawana chuma cha kuwakinga. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 kila mwaka ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Nchini Kenya peke yake, barabara hutuondolea zaidi ya roho 4,000 kwa mwaka.

Ila si kila kifo wala kila jeraha la barabarani lafanana na jingine. Dereva ambaye tairi lake limepasuka akayumba na kumgonga mtu, huyo amepatwa na ajali. Dereva aliyekuwa akitazama simu, huyo amezembea. Ama yule aliyeghadhibika, akamlenga mwenziwe kwa gari ili amtie adabu, huyo ameshika silaha. Haidhuru kwamba silaha hiyo ina usukani na bima. Kosa kubwa la jamii yetu ni kuwaita watu hawa watatu kwa jina moja, ajali, kisha tukawapa hukumu moja.

Sheria ya Kenya haikuyachanganya hayo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, katika kifungu cha 46, yasema kwamba anayesababisha kifo kwa kuendesha ovyo au kwa namna ya hatari aweza kufungwa hadi miaka 10, na leseni yake ifutwe kwa muda wa miaka mitatu. Juu ya hiyo kuna Kanuni ya Adhabu, ambayo haiulizi kama mtu aliumizwa kwa rungu au kwa gari. Kumshambulia mtu na kumdhuru mwili, chini ya kifungu cha 251, kwaweza kumfikisha mtu gerezani miaka mitano. Na kumjeruhi vibaya mno, chini ya kifungu cha 234, kwaweza kuleta kifungo cha maisha. Basi upungufu haumo katika vitabu. Upungufu ni kwamba kitendo cha makusudi kinapoandikwa kituoni kuwa ajali ya kawaida, vifungu vizito havifunguliwi kamwe.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kulijaribu jambo hili mahakamani. Tarehe 4 Julai 2008, huko Los Angeles, Marekani, daktari mmoja aliwapita waendesha baiskeli wawili baada ya kuzozana nao, akafunga breki mbele yao kwa ghafla. Mmoja aliingia kwa uso katika kioo cha nyuma cha gari, na mwenziwe akaanguka njiani akaumia. Daktari alidai hakukusudia kuwadhuru. Mahakama haikumwamini. Ilizingatia maneno aliyowaambia polisi mwenyewe kwamba alitaka kuwafunza adabu, na Januari 2010 akahukumiwa miaka mitano gerezani. Mjini Paris, tarehe 15 Oktoba 2024, kijana wa miaka 27 aliyekuwa juu ya baiskeli alikanyagwa na gari kubwa baada ya ugomvi wa njiani, naye dereva alifunguliwa mashtaka ya mauaji ya kukusudia. Katika kesi zote mbili, waendesha mashtaka hawakukichukulia kitendo hicho kuwa ajali tu.

Na sheria yetu ya Kiislamu yasemaje? Mafakihi tangu zamani wamepambanua kati ya kosa lisilokusudiwa, lile linalofanana na makusudi, na la makusudi hasa. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ameweka diya kwa jamaa za aliyeuawa pasipo kukusudiwa, pamoja na kafara ambayo kwa asiyeweza kumwacha mtumwa huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Zingatieni, wasomaji wetu: hata asiyekusudia hakuachwa aende zake akiosha mikono. Na katika Suratul-Baqara, aya ya 178, kisasi kimetajwa pamoja na mlango wa msamaha, na aliyesamehewa akaamrishwa kulipa kwa wema. Kwa majeraha yasiyofikia kifo, wanazuoni wamefafanua fidia zake, na hakimu akaachiwa adhabu ya taaziri kwa ajili ya kulinda amani ya watu wote.

Hapa yafaa tuondoe dhana moja. Mahakama ya Kadhi haina mamlaka juu ya kesi ya namna hii. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimeipa mambo ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu walioridhia. Jinai ni ya Jamhuri, na haiondolewi mahakamani pasi na idhini ya hakimu, hata wazee wakikubaliana vipi. Lakini mafunzo ya dini yetu yatusaidia kupima sulhu iliyo halali na sulhu iliyo ununuzi.

Msamaha ni haki ya aliyedhulumiwa, wala haumilikiwi na jirani, mzee wa mtaa au shemeji mwenye haraka ya kuyamaliza. Nao si msamaha ikiwa mwenye kusamehe anasukumwa na jiko lisilo na moto. Mama yule alikuwa na watoto wanne, hana maziwa ya kuuza, na bili ya hospitali ikipanda. Kumtaka achague kati ya kula na kusema kweli si kupatanisha.

Basi, kwa maoni yetu, adhabu ya haki ina sehemu kadhaa, na hapana hata moja inayotosha peke yake.

Ya kwanza ni jina la kitendo. Aliyekusudia ashitakiwe kwa kukusudia. Faini ya barabarani isiwe maficho ya mshambuliaji.

Ya pili ni leseni. Mtu aliyeligeuza gari kuwa rungu amethibitisha kwamba hafai kukabidhiwa gari. Aondolewe barabarani kwa miaka, na kabla ya kurejea afunzwe na kujaribiwa upya. Kwa dereva wa kazi adhabu hii ni chungu, kwani yagusa riziki. Lakini naye aligusa riziki ya mwenziwe.

Ya tatu ni fidia kamili: matibabu, baiskeli, na kipato cha siku zote ambazo mguu haukukanyaga. Fidia hii ni deni, si sadaka, na haipaswi kufungwa pamoja na sharti la kunyamaza.

Ya nne ni kifungo, pale mtu alipouawa au kulemazwa kwa makusudi, au pale mkosaji alipokwisha kuonywa akarudia. Kwa makosa mepesi, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 yamwezesha hakimu kumpa mkosaji kazi ya umma. Twaona ingefaa dereva wa namna hiyo akachimbue mifereji na kusafisha kingo za barabara zile zile ambazo tope lake huwasukuma wenye baiskeli kwenye lami.

Na isiyokuwemo kabisa ni adhabu ya kundi la watu. Kumpiga dereva na kuchoma gari ni dhulma juu ya dhulma. Isitoshe, dereva ajuaye kwamba atauawa hasimami. Hukimbia, na majeruhi akabaki njiani akivuja damu. Mzee yule wa Langas aliyesimama mlangoni mwa gari aliihifadhi roho ya dereva, na papo hapo akaihifadhi kesi ya jirani yake.

Kwa yeyote atakayefikwa na msiba huu, twashauri haya. Nakilini nambari ya gari na majina ya walioshuhudia kabla hawajatawanyika. Ripotini kituoni na mpewe nambari ya OB. Iwapo gari lilitumiwa kwa makusudi, semeni hivyo waziwazi katika maelezo yenu, na mwombe fomu ya P3 ijazwe na daktari. Someni kila karatasi kabla ya kutia sahihi. Asiyejua kusoma amwite anayemwamini.

Lakini hukumu huja baada ya mfupa kuvunjika. Kinga yaanzia nyumbani. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na wengi wetu tumeifanya hiyo kuwa kanuni ya barabara: lori laiogofya matatu, matatu laiogofya pikipiki, nayo pikipiki yaiogofya baiskeli. Uingereza, katika kanuni zake za barabara zilizorekebishwa Januari 2022, imeligeuza jambo hili: mwenye chombo kinachoweza kudhuru zaidi ndiye abebaye jukumu kubwa zaidi la kuwalinda wengine, na dereva aachilie angalau mita moja na nusu anapompita mwenye baiskeli. Kwetu sisi hilo si geni. Mtume wetu (S.A.W.) aliihesabu haki ya njia kuwa ni pamoja na kuzuia maudhi, na akafundisha kwamba shujaa ni yule ajizuiaye anapoghadhibika.

Kina mama, mkiwa ndani ya gari na dereva ni mume au mwana, msinyamaze anapoanza kumfukuza mtu aliyemtusi. Mkumbusheni taratibu. Mtoto aliye kiti cha nyuma anajifunza udereva tangu siku hiyo. Nanyi wenye baiskeli, wekeni taa na vaeni nguo inayong'aa gizani. Wala msilipige gari la mtu, hata mkichokozwa.

Kabla hatujaondoka Langas, tulimwuliza mgonjwa mwenyewe anataka nini. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema hana haja ya kumwona mtu yule akioza gerezani, kwani naye ana watoto. Alitaka aje mwenyewe, asitume wazee, akae pale kitini, aseme mbele ya wanawe kwamba alifunga breki kwa kukusudia. Baada ya hapo, alisema, yaliyo yake atayasamehe, na yaliyo ya serikali atamwachia hakimu.

Mkewe akaichukua ile karatasi mezani, akaikunja, akaiweka chini ya mtungi wa maziwa. "Bili wailipe, ni haki yetu," akasema. "Lakini neno ajali silitii sahihi."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye baba yule, ailainishe mioyo yetu tunaposhika usukani, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoizuia ghadhabu na kuitoa haki. Amin.