Manufaa ya kumbi za mtandaoni kwa waandishi chipukizi

WAHENGA walinena kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hii inawaafiki waandishi kuliko mafundi wengi wengine. Anayetunga hadithi anajua alichokusudia kusema, na kwa sababu hiyo haoni pale ambapo maneno yake yameshindwa kukisema. Ndiposa kila mswada huhitaji jicho la pili kabla ya kumfikia mchapishaji.

Tatizo ni mahali pa kulipata jicho hilo. Mashirika mengi ya uchapishaji nchini yana makao yake Nairobi, na aghalabu hujishughulisha zaidi na vitabu vya kiada kwa kuwa ndivyo vyenye soko la hakika. Mhariri anayeukataa mswada mara nyingi hana nafasi ya kueleza kasoro zake. Mwandishi chipukizi aliyeko Garsen au Lodwar hubaki na daftari lake, asijue iwapo amejaliwa kipaji au anapoteza wakati. Hapa ndipo kumbi za waandishi katika mtandao zinapofaa.

Desturi ya kale

Jambo lenyewe si geni katika fasihi ya Kiswahili. Katika karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na watunzi wa Lamu. Gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa Tanganyika mwaka wa 1923, watunzi wasiowahi kuonana walipata uwanja wa kusomana na kujibizana. Tofauti ni kwamba wakati huo mtunzi alilazimika kungoja toleo la mwezi uliofuata. Leo, shairi lililotumwa asubuhi katika kikundi cha WhatsApp linaweza kuwa limehakikiwa kabla ya jua kutua.

Faida ya kwanza basi ni kukosolewa mapema. Mtunzi wa tarbia anayejifunga kwa mizani 16 katika kila mshororo, 8 katika ukwapi na 8 katika utao, akizidisha silabi moja hukuta wajuzi wa arudhi wamekwisha kuihesabu. Mwandishi wa nathari naye huambiwa ni wapi msomaji alichoka, na ni mhusika yupi aliyetoweka bila sababu.

Faida ya pili ni kuwapata wasomaji wa mbali. Mwandishi wa Kenya hutumia maneno kama 'rununu' na 'tarakilishi' bila wasiwasi kwa kuwa yamezoeleka shuleni na katika vyombo vya habari. Msomaji wa Dodoma, ambaye amezoea 'simu ya mkononi' na 'kompyuta', huenda akakwama. Ni heri mwandishi alijue hilo mswada ukiwa bado mkononi mwake kuliko alijue kitabu kikiwa dukani.

Ithibati

Historia ya karibuni inaonyesha kwamba mtandao unaweza kumtoa mwandishi gizani. Mwaka wa 2002, Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine kwa kazi yake, Discovering Home, iliyokuwa imechapishwa katika jarida la mtandaoni. Mwaka uliofuata, jarida la Kwani? lilianzishwa Nairobi, naye akiwa mhariri wake mwasisi.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipozuka, waandishi wa Kenya waliunda kundi lililojulikana kama Concerned Kenyan Writers. Wakati ambapo kusafiri kulikuwa hatari, walishauriana kwa barua pepe na kuandika makala yaliyoeleza masaibu ya nchi yao.

Mfano mwingine ni Jalada, kundi la waandishi kutoka mataifa mbalimbali ya Afrika ambao hushirikiana zaidi kupitia mtandao. Mwezi Machi 2016 lilichapisha hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kigikuyu, ikiwa imetafsiriwa kwa zaidi ya lugha 30, Kiswahili kikiwemo. Baadaye idadi hiyo ilipita lugha 100. Ni vigumu kuona jinsi mchapishaji mmoja angeweza kuwakusanya watafsiri wote hao kwa njia ya kawaida.

Tahadhari

Hata hivyo, si kila ukumbi una manufaa. Kikundi ambacho kila kazi hupokewa kwa 'kongole' na 'hongera' humfurahisha mwandishi bila kumfunza. Ukumbi bora ni ule ambao mwanachama huonyesha sentensi yenye kasoro, akaeleza sababu, naye anayekosolewa akakubali kusikiliza. Vilevile, anayepokea hana budi kutoa. Anayezoea kuhakiki kazi za wenzake huanza kuziona dosari zizo hizo katika kazi yake mwenyewe.

Kuna pia hofu ya wizi wa kazi. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, kazi ya fasihi hulindwa katika maisha yote ya mwandishi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini kudai haki mahakamani ni safari ndefu yenye gharama. Isitoshe, baadhi ya wachapishaji na waandalizi wa mashindano hukataa kazi ambayo imekwisha kuenezwa mtandaoni. Kwa hivyo ni busara kutuma sura moja katika kikundi chenye wanachama wanaofahamika, badala ya kuuanika mswada mzima hadharani. Nakala yenye tarehe na ihifadhiwe nje ya ukumbi, kwani kumbi nazo hufa. NaNoWriMo, ulioanza Marekani mwaka wa 1999 na watu 21, ulitangaza kufungwa mwaka wa 2025 baada ya kuvuta maelfu ya waandishi duniani.

Anayetaka kuanza hahitaji kikundi cha mamia ya watu. Wasomaji watano wasioonea haya kusema ukweli, na ratiba ya kila mwanachama kutuma kurasa chache kwa zamu, vinatosha kumtoa mswada sandukuni.