Bastola za polisi: resori ndogo inayoweza kuamua uhai wa mtu

Motari yeyote wa Bukavu anajua kwamba kamba ya freni haikatiki moto ikiwa imeegeshwa. Inakatika kwenye mteremko, abiria akiwa nyuma. Ndiyo maana fundi mwema habadilishi kamba baada ya ajali. Anaibadilisha akiona imeanza kuchakaa. Bastola ya askari polisi inafuata sheria hiyohiyo, ila gharama ya kuchelewa ni kubwa zaidi.

Ndani ya bastola mna resori kadhaa. Iliyo kubwa kuliko zote inakaa chini ya mtutu. Risasi ikitoka, chuma cha juu kinarudi nyuma kwa nguvu na kutupa ganda tupu. Resori hiyo inapunguza kishindo, kisha inasukuma chuma kirudi mbele pamoja na risasi mpya. Kazi hiyo yote inafanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Resori ikichoka, mambo mawili yanatokea. La kwanza, chuma kinapiga nyuma kwa nguvu kupita kiasi, na pole pole bastola nzima inaweza kupata nyufa. La pili, chuma kinakosa nguvu ya kufunga vizuri, na silaha inakwama. Askari aliye mbele ya jambazi anabaki na kipande cha chuma mkononi. Pengine anaanza kukipigapiga na kukivuta kwa hofu, kidole kikiwa kwenye kifyatulio, huku watu wamejaa pembeni. Hapo ndipo risasi inaweza kumpata mtu asiyehusika.

Vipande vingine vidogo navyo vinachakaa. Kikucha kinachotoa ganda kikilegea, ganda linabaki ndani. Resori ya nyundo ikidhoofika, sindano inaigusa risasi bila kuilipua. Kuna pia sharjeri, yaani kile kikasha cha masasi kinachoingia kwenye mpini. Resori yake ndiyo inayopandisha masasi moja baada ya nyingine, na ikilegea, risasi inachelewa kufika mahali pake. Askari wa Marekani waliopelekwa Iraq baada ya mwaka 2003 walilalamikia sana sharjeri za bastola yao ya M9, kwani mchanga ulizuia masasi kupanda.

Bastola hiyo ya M9, iliyotengenezwa na kampuni ya Beretta ya Italia, ina funzo lingine. Jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1985 ichukue nafasi ya Colt M1911A1, silaha iliyokuwa imezeeka: jeshi hilo halikuwa limenunua mpya tangu mwaka 1945. Lakini kati ya 1987 na 1988, chuma cha juu cha baadhi ya M9 kilipasuka wakati wa kupiga, na askari wa majini wakajeruhiwa usoni. Jeshi likatoa amri chuma hicho kibadilishwe baada ya masasi 3,000, kisha likashusha hesabu hadi 1,000. Halikungoja kila bastola ipasuke ndipo litende. Baadaye kiwanda kiliongeza kizuizi ili chuma kikipasuka kisimfikie mpigaji usoni.

Kwa resori kubwa ya aina hiyo ya bastola, kipimo kinachojulikana ni masasi 5,000. Kila aina ya silaha ina kipimo chake, na fundi anafuata kitabu cha kiwanda. Fundi mwenye uzoefu hulinganisha pia resori ya zamani na mpya: ile iliyofupika inatolewa, hata kama bastola bado inapiga vizuri.

Lakini utajuaje masasi 5,000 yamefika kama hakuna anayeyahesabu? Jibu ni daftari. Kila bastola inaandikwa kwa namba yake: masasi iliyopiga, siku iliyokaguliwa, kipande kilichobadilishwa. Hii ni muhimu kwani bastola mbili zilizopokelewa siku moja hazizeeki sawa. Ile ya shule ya polisi inapiga maelfu ya masasi kwenye mazoezi; ile ya askari wa barabarani inaweza kumaliza mwaka bila kupiga hata mara moja. Sharjeri pia zipewe namba, ili ile inayokwama ijulikane, isizunguke kutoka askari mmoja hadi mwingine.

Hapa kwetu kuna adui mwingine. Mvua za Kivu na jasho la mwili huleta kutu, na vumbi la mawe ya volkano la Goma linaingia kila mahali. Kwa hiyo silaha isiyopiga nayo inahitaji kukaguliwa, kusafishwa na kupakwa mafuta kidogo.

Daftari hilo lina faida nyingine. Mkataba wa Kinshasa kuhusu silaha ndogo ndogo katika Afrika ya Kati, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2017, unazitaka nchi kutia silaha alama na kuziandikisha. Ghala linalojua hali ya kila bastola linajua pia iko wapi. Kitabu cha fundi kinasaidia kuzuia silaha isipotee.

Resori moja ni bei ndogo sana ukilinganisha na bastola mpya, sembuse na uhai. Lakini kazi hii si ya askari kujifanyia nyumbani, wala si ya fundi wa mtaani. Kipande kisichofaa, au kilichorudishwa vibaya, kinaweza kuleta hatari kuliko kile cha zamani. Kazi ya askari ni kusafisha silaha yake na kusema mapema ikikwama, hata mara moja. Kazi ya mkubwa wake ni kutomkemea anaposema, na kuhakikisha fundi ana vipande vya kubadilisha kabla havijahitajika.